Makanisa yampe mchoraji ukuta, na yamlipe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na viongozi wa makanisa, na hasa wajumbe wenzangu wa kamati za ujenzi, juu ya jambo ambalo kwa maoni yangu limenyamaziwa mno. Makanisa yetu ya Afrika Mashariki yamempokea mwimbaji kuwa mtumishi wa Mungu, lakini mchoraji, mchongaji na mfumaji bado yanawahesabu kuwa mafundi wa kuitwa siku ya kupaka rangi, na wengi wao hawaitwi hata siku hiyo.

Kuhusu mwimbaji hakuna ubishi. Usharika mdogo wa kijijini una kwaya kuu, kwaya ya vijana na kwaya ya akina mama, kila moja na sare zake, mwalimu wake na ratiba yake ya mazoezi. Inapofika zamu ya kununua kinanda au vipaza sauti, harambee hufanyika na waumini hutoa kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba wimbo ni mahubiri. Imani hiyo imezaa matunda makubwa. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri kutoka Kagera, aliandika wimbo wa Pasaka wa "Mfurahini, Haleluya" kwa mahadhi ya kwetu, na leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, ukiwa umetafsiriwa kwa Kijerumani. Watu walioleta Injili Kilimanjaro na Kagera sasa wanamshangilia Kristo aliyefufuka kwa wimbo waliopewa na Mtanzania. Hilo lisingewezekana kama kanisa la wakati ule lingeshikilia kwamba mahadhi ya Kiafrika hayafai ibadani, na walikuwapo wengi walioshikilia hivyo.

Sasa tuangalie kuta. Ingia katika makanisa mengi yaliyojengwa miaka ya karibuni, yenye mabati ya rangi, vigae vya kung'aa na madirisha ya alumini, nawe utakuta nyuma ya madhabahu bango la plastiki lililochapishwa mjini kutokana na picha iliyochukuliwa mtandaoni. Mara nyingi ni mchungaji mwenye nywele za rangi ya mahindi, amebeba mwanakondoo katika malisho ambayo hayafanani na malisho yoyote ya nchi hii. Picha yenyewe ilikuwa ndogo na ikakuzwa kupita kiasi, kwa hiyo uso wa Bwana ukiutazama kwa karibu umekuwa vitone vitone. Bango hufungwa kwa kamba kwenye pembe nne, jua la dirishani hulipiga, na baada ya muda si mrefu rangi nyekundu hufifia ikabaki buluu peke yake. Kisha linachapishwa jingine. Kwingineko huagizwa sanamu za plasta kutoka ng'ambo, zikasafirishwa kwa gharama, ilhali wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, wanachonga mpingo wakawauzia wageni, ambao huenda nao kwao.

Siwalaumu wamisionari waliotuletea picha za kwanza. Walileta walichokuwa nacho, na wachoraji wao walikuwa wamefanya jambo la halali kabisa, yaani kumchora Yesu katikati ya watu wao. Pieter Bruegel, mchoraji wa Flanders, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji, alipomchora Mariamu na Yusufu wakiwasili Bethlehemu kuandikishwa, mwaka 1566, aliwapitisha katika kijiji cha kwao kilichofunikwa na theluji, na watoto wakicheza juu ya barafu. Hakuna aliyemwambia kwamba Bethlehemu haikuwa hivyo. Watazamaji wake walielewa kwamba anawaambia: Mwokozi angeweza kupita hapa kwetu, na sisi tusingemtambua. Kosa liko kwetu tunaochukua jibu la Bruegel na wenzake tukalibandika ukutani, badala ya kumpa mchoraji wetu swali lile lile ili alijibu mwenyewe.

Na si kweli kwamba hatujawahi kulijibu. Pale Murang'a, Kenya, ambako wakati wa ukoloni paliitwa Fort Hall, lipo kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kazi ya kulipamba alipewa kijana kutoka Marangu, Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 na kusomea sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, chini ya mwalimu Margaret Trowell. Alichora michoro mitano mikubwa ya ukutani, akaikamilisha mwaka 1959: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Katika yote hayo Yesu ni Mwafrika, waliomzunguka ni watu wa Murang'a, na nchi anayotembea ni ile ile yenye migongo na mabonde ambayo muumini anaiona akitoka mlangoni.

Fikiria uzito wa jambo hilo kwa wakati wake. Waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa wajane na yatima wa mauaji ya miaka michache tu iliyopita. Jirani alikuwa amemsaliti jirani, na kila kilima kilikuwa na kumbukumbu yake ya damu. Waliambiwa kwa rangi, bila neno hata moja, kwamba Gethsemane ilikuwa hapo hapo kwao na kwamba Aliyesulubiwa alisulubiwa miongoni mwao. Sidhani kama mahubiri yoyote ya mwaka ule yangeweza kusema hivyo kwa nguvu hiyo, na michoro haikunyamaza mhubiri aliposhuka mimbarini. Njau, ambaye mwaka 1965 alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, anajulikana sana kwa kauli yake ya kuwaonya wasanii wasinakili, kwa kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi. Naitaja kauli hiyo kwa sababu inagusa imani moja kwa moja: anayenakili anakiri kwamba Mungu alisema zamani, na mahali pengine, kisha akanyamaza.

Karibu na kwetu Moshi nimeona nafasi kama ile ikipita. Katika usharika mmoja, ambao sitautaja, yupo kijana anayeandika vibao vya maduka na kuchora vichwa vya wateja kwenye kuta za vinyozi. Mkono wake unajulikana barabara nzima. Aliposikia kwamba kanisa jipya linakaribia kukamilika, alileta kwa wazee mchoro alioufanya kwenye kipande cha silingibodi: Yesu na yule mtu aliyelala miaka thelathini na minane kando ya birika la Bethzatha. Birika alikuwa amelifanya bwawa la mfereji, mfereji wa asili wa Kichagga unaoshuka toka msituni, na pande zote wagonjwa wamekaa chini ya migomba. Mmoja ameegemea fimbo, mama mmoja amemfunika mtoto kwa kanga, na kwenye ukingo ipo ndoo ya plastiki ya njano iliyoachwa na mtu aliyekimbilia kutazama. Wazee walimshukuru, wakamwambia aendelee kumtumikia Mungu katika kwaya, ambako anaimba besi. Bango likachapishwa.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na ni pingamizi la watu wacha Mungu wanaostahili kujibiwa kwa heshima: amri inakataza sanamu ya kuchonga. Lakini amri ile ya Kutoka 20 inakataza kuvisujudia na kuvitumikia, na sura tano tu mbele Mungu yule yule anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Hekalu la Sulemani, tukisoma Wafalme wa Kwanza sura ya 6, lilichongwa kuta zake zote kwa makerubi, mitende na maua. Kwa Walutheri wenzangu naongeza hili: mwaka 1522, watu wa Wittenberg, mji wa Ujerumani ambako Matengenezo ya Kanisa yalianzia, walipokuwa wameanza kubomoa picha makanisani, Martin Luther aliacha maficho yake kwenye ngome ya Wartburg, akarudi na kuhubiri siku nane mfululizo dhidi ya fujo hizo. Mwaka 1547 kanisa la mji ule liliwekewa madhabahu yenye michoro ya Lucas Cranach, rafiki yake, ikionyesha ubatizo, meza ya Bwana, maungamo na mahubiri. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulitamka mwaka 1963 kwamba Kanisa halikuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya mataifa yote ipewe nafasi. Mlango uko wazi pande zote mbili. Wa kuingia ndio hawaitwi.

Pingamizi la pili halisemwi hadharani, nalo ni la fedha. Fundi wa vigae analipwa, fundi umeme analipwa, mwenye mashine ya kuchapisha mabango analipwa papo hapo na risiti anatoa, lakini msanii Mkristo akitaja bei anaulizwa kama amesahau kwamba hii ni kazi ya Bwana. Swali hilo linaumiza, na linawafukuza vijana wenye vipaji waende kuwachorea wenye baa, ambao angalau hulipa. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema kwamba Mungu alimjaza roho yake kwa ajili ya kazi fulani ya mikono ni Bezaleli wa kabila la Yuda, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, akiwa pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani, aliyekuwa mtarizi na mfumaji. Hawakuachwa wajitafutie vifaa. Waisraeli walileta mali asubuhi baada ya asubuhi, hata mafundi wenyewe wakamwendea Musa kumwambia kwamba vilivyoletwa vimezidi mahitaji, na Musa akalazimika kutangaza kambini watu waache kuleta. Ningependa kuona usharika mmoja tu wa nyakati zetu ukifikia hatua hiyo.

Ninachoomba kinaweza kuanza katika mradi wowote ambao ramani yake bado iko mezani. Makadirio ya ujenzi yawe na fungu la sanaa lililoandikwa, hata likiwa asilimia moja, ili lisiwe la kwanza kufutwa bei ya saruji ikipanda. Msanii aitwe mapema, akae na mchora ramani, kwa sababu ukuta wa mchoro una masharti yake: usiwe ule unaopigwa na mvua kwa nje wala unaonyonya unyevu toka kwenye msingi, plasta iachwe ikauke vizuri kabla ya rangi kupakwa, na upenuni paezekwe kwa upana wa kutosha. Rangi ikiwekwa juu ya plasta mbichi hutoa malengelenge na kubanduka, na hapo lawama zote humwangukia mchoraji. Mchungaji naye akae naye, wasome pamoja sehemu ya Neno itakayochorwa na kubishana juu yake, kwa kuwa mchoro wa kanisani ni fundisho na haupaswi kuwa pambo la kujazia nafasi. Makubaliano yaandikwe, malipo yatolewe kwa awamu kama ya fundi mwingine yeyote, na jina la msanii libaki pembeni mwa kazi yake. Tena iwekwe kumbukumbu katika kitabu cha usharika kwamba ukuta ule haupakwi rangi upya bila idhini, maana kazi nzuri huweza kufunikwa kwa siku moja na kamati mpya inayoandaa jubilei.

Mafundi cherehani na wafumaji nao wasisahauliwe. Kutoka 28 inaeleza mavazi ya Haruni kwa undani wa kushangaza, hadi komamanga za nyuzi za rangi kwenye pindo la joho. Lakini stola za wachungaji wetu na vitambaa vya madhabahu vingi huja vimefungwa kwenye mifuko kutoka viwanda vya mbali, na katika kila usharika wapo akina mama wanaotarizi vitambaa vya meza ambavyo mtu hachoki kuvitazama.

Usharika niliousimulia bado una ukuta mmoja mtupu, upande wa kaskazini karibu na kisima cha ubatizo, usiofikiwa na mvua. Yule kijana bado anacho kile kipande cha silingibodi, na bei yake aliitaja bila kona. Nawaomba wazee wale wamwite tena kabla fedha za awamu ya mwisho hazijagawanywa.

Mjumbe wa kamati ya ujenzi,
Moshi, Kilimanjaro