Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana wetu,

Mkutano uliopita ulituagiza tumsome Profesa Ali Mazrui, mwanazuoni wa siasa kutoka Mombasa, maana tulikuwa tukimsifu zaidi ya tunavyomsoma. Agizo hilo ndilo lililoupa mwaka huu uhai.

Tulianza na vipindi vyake vya televisheni vya 1986, alimoieleza Afrika kuwa na urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mtu aliyezaliwa Mombasa 1933, baba yake akiwa mwanazuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ukoo wake ukiwa umeutawala mji huu hadi 1837, hakulitoa wazo hilo maktabani peke yake. Ndiyo maana vijana wetu walilidaka upesi.

Mjadala uliowaka hasa ulikuwa juu ya riwaya yake ya 1971, inayomshtaki ahera mshairi wa Nigeria Christopher Okigbo, aliyeuawa 1967 akiipigania Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililotaka kujitenga. Je, msanii mkubwa ana haki ya kuitoa mhanga sanaa yake kwa ajili ya watu wa kabila lake? Baadhi yenu mlisema shtaka lenyewe ni dhuluma, kwani mshairi naye ana mama na ndugu wa kuwalinda. Wengine mlishikilia kwamba shairi lisiloandikwa ni hasara ya bara zima. Mimi nasimama na Okigbo. Hata hivyo namheshimu Mazrui, kwa sababu hakuuliza akiwa mahali pa salama: alikuwa akifundisha Makerere mwaka uleule Idi Amin alipotwaa madaraka, na 1973 ilimbidi aihame Uganda. Mwanachuoni anayeandika juu ya vita vya jana huku watawala wa leo wakimtazama anastahili kusomwa kwa makini, hata pale tunapompinga.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada zinaingia, ila kwa kuchelewa.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza turudi nyuma hadi kwa baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, na magazeti yake ya miaka ya 1930, Sahifa na Al-Islah, alikojadili dini, elimu na siasa za Waswahili chini ya ukoloni. Mwenye nakala nyumbani, hata ukurasa mmoja uliochanika, namwomba amwone katibu. Tutaupiga picha mbele yake na kumrudishia papo hapo.