Waandaaji wa mbio, tisheti iwe hiari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niongee na waandaaji wa mbio hapa Dar es Salaam, wadhamini wao, na viongozi wa klabu za jogingi huku mitaani, maana hili jambo tunapishana nalo kila wikiendi na sijaona mtu analisema. Tisheti. Kila mbio, tisheti mpya. Ukijisajili tu, iwe kilomita 5, iwe 10, iwe 21, tisheti imo ndani ya ada yako utake usitake, ina jina la mbio, ina tarehe, ina mwaka, mgongoni nembo za wadhamini kuanzia shingoni mpaka kiunoni, halafu Jumapili ile ikishapita inakuwa nguo ya kulalia au ya kupakia rangi ukuta, na wiki chache mbele kuna mbio nyingine na mzigo mwingine unashushwa.

Sipingi mbio jamani, nisieleweke vibaya. Mimi ni mkimbiaji na nafurahi mno nikiona saa kumi na moja alfajiri Barabara ya Ocean Road na Daraja la Tanzanite limejaa watu, wamama, vijana wa vyuo, wazee wenye presha walioambiwa na daktari waanze kutembea. Na mbio nyingi ni za hisani, watu wanachangia matibabu ya watoto, wanachangia vifaa vya hospitali. Ndiyo maana inaniuma zaidi, kwa sababu sehemu ya hela ya yule mtoto inaishia kwenye kitambaa ambacho mimi sikukihitaji.

Mwaka jana kwenye mbio moja hapahapa mjini nilienda kuchukua namba yangu nikaomba nisipewe tisheti. Binti aliyekuwa mezani akanishangaa, akaniambia "dada chukua tu hata ukamgawie mtu, ada ndiyo hiyohiyo". Nikasema basi nipe M, akasema M zimeisha tangu jana, zimebaki XXL. Nyuma yake maboksi yamepangwa, mengine hata hayajafunguliwa. Yule binti hana kosa lolote, tisheti ziliagizwa kabla hata watu hawajamaliza kujisajili, saizi zimekisiwa tu, sasa utegemee nini.

Tuje kwenye kitambaa chenyewe. Chukua tisheti ya mbio yoyote uliyonayo kabatini, geuza ndani, soma lebo ya ubavuni, nyingi utakuta asilimia 100 poliesta. Poliesta ni plastiki, tena ni ileile ya chupa ya maji unayopokea njiani ukikimbia, viwandani wanaiita PET, na chanzo chake ni mafuta ya petroli. Inapendwa kwa sababu zinazoeleweka: nyepesi, inakauka haraka, haichuji, na kuichapa ni rahisi. Mafundi wa Kariakoo wanachapa mchoro kwenye karatasi maalumu, wanailaza juu ya kitambaa, wanabana na hiti presi kwenye moto wa kama nyuzijoto 200, rangi inageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi kabisa. Pamba haishiki uchapaji huo. Na hatua hiyo haihitaji mabeseni na mabeseni ya maji kama kutia rangi kwa kuchemsha, hilo ni jambo zuri na mafundi wetu nawavulia kofia.

Shida inaanzia kwenye beseni. Poliesta ukiifua inaachia vinyuzi vidogo mno ambavyo kwa macho huvioni, hivyo ni plastiki na haviozi, na tafiti zimeonyesha kwamba fua zile za mwanzo mwanzo ndizo zinazomwaga vingi zaidi, baadaye vinapungua. Sasa fikiria mji wetu, nyumba nyingi hazijaungwa kwenye mfumo wa majitaka, tunafua uani, maji tunamwaga mfereji wa nje, mfereji unaingia Mto Msimbazi, Msimbazi unaingia baharini pale Daraja la Salenda ambapo sisi wenyewe ndipo tunapopita tunakimbia. Kwa hiyo mwenye tisheti moja aliyoifua miaka minne anamwaga kidogo kuliko anayefungua mpya kila mwezi, hata kama ile mpya imeandikwa "rafiki wa mazingira". Hoja yangu ndiyo hiyo Mhariri, tisheti bora kwa mazingira ni ile ambayo tayari tunayo.

Najua watakaosema basi tununue poliesta iliyotengenezwa kwa chupa zilizorejelezwa. Siyo kitu kipya, Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini Nike walizivalisha timu zao jezi za hivyo, wakasema jezi moja inatumia mpaka chupa 8. Ni kweli inapunguza mafuta ghafi na nishati, kama lazima utengeneze mpya bora hiyo. Lakini nayo inamwaga vinyuzi vilevile. Halafu chupa inaweza kurudi kuwa chupa, tisheti kurudi kuwa tisheti ni kazi kweli kweli, hasa ikiwa imechanganywa na ule uzi wa kuvutika, spandeksi, maana kuvitenganisha ni shughuli na gharama. Chupa huku kwetu ina soko, kuna vijana na kina mama wanaziokota wanauza kwa kilo. Tisheti ya mbio iliyochanika kwapa nani anainunua?

Anayebisha aende Karume pale Ilala, kwenye mafungu ya nguo za michezo. Utakutana na tisheti za mbio za miji ya Ulaya na Marekani, mwaka umeandikwa kifuani, nyingine mikunjo ya kiwandani bado inaonekana. Wenzetu walipewa, hawakuzihitaji, zikafungwa kwenye belo zikaja huku. Mimi mavazi yangu mengi ya mazoezi nimeyatoa mtumbani na sioni aibu. Ila sisi za kwetu tutamfungia nani belo? Zitaishia dampo la Pugu Kinyamwezi.

Kuhusu pamba, nimeulizwa sana kwenye klabu, mbona tunayo pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, inalimwa kwa maji ya mvua, na Meatu wakulima wanalima pamba hai isiyopigwa dawa za viwandani tangu miaka ya 1990. Kweli kabisa, na inasikitisha kwamba sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi wakati Ubungo pale kiwanda cha Urafiki kilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China ili nguo zitoke hapahapa. Kwa kilomita 21 na joto hili la Dar pamba haifai, inalowa jasho inakuwa nzito inakuchubua mpaka damu. Lakini wanaotembea kilomita 5? Wanaojitolea kugawa maji? Wageni rasmi wanaokuja kupiga picha na kuondoka? Hao wote poliesta ya nini. Wadhamini wangeanzia hapo, pamba ya Kanda ya Ziwa, ishonwe Dar, na iandikwe ni pamba ya wapi.

Ninachoomba siyo kikubwa. Kwenye fomu ya kujisajili pawe na ada ya mwenye kutaka tisheti na ada ya asiyetaka, na tofauti ionekane, au mtu aambiwe wazi kwamba hela ya tisheti aliyoiacha imeingizwa kwenye mchango. Oda iende kwa fundi baada ya usajili kufungwa. Tarehe na mwaka viondolewe, jina la mbio linatosha, mtu aivae hata miaka mitano. Na ile mifuko laini ya kubebea namba nayo ni plastiki, tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 tumeizoea tukadhani ni kitambaa, mtu aruhusiwe kuja na mkoba wake.

Klabu za mitaani na sisi tujiangalie, kila anivesari sare mpya, kila bonanza sare mpya, asiyechanga anaonekana hana ushirikiano na wengine wanaacha kuja kwa sababu hiyo tu. Huku kwetu Temeke tumekubaliana sare ibadilishwe ikichakaa. Na kama kuna mwandaaji yeyote ambaye ameshaanza kusajili watu bila tisheti, naomba aandike kwenye ukurasa huu atuambie ada yake imeshuka kwa kiasi gani, tuje klabu nzima.

Mkimbiaji, Temeke
Dar es Salaam