Rangi mpya juu ya ukuta wenye chumvi haiuzi nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wanaotafuta wateja hapa Dar es Salaam. Dalali akishasema "ipendezeshe kidogo", kinachofuata ni ndoo za rangi. Wiki tatu baadaye, bei haijakubaliwa, ukuta umeshaota unga mweupe chini na rangi inabanduka vipande vipande. Mteja anayerudi mara ya pili huja na fundi wake, na fundi haangalii rangi, anainama kwenye kona.

Unga ule ni chumvi. Kama msingi haukuwekewa nailoni kabla ya tofali za kwanza, maji hupanda kutoka ardhini na chumvi yake, yakikauka chumvi inabaki usoni mwa ukuta na kuisukuma rangi. Plasta ya mchanga wa baharini huzidisha. Rangi ya mafuta hapo huota malengelenge kwa sababu maji yamefungiwa ndani. Skimu ya jipsamu, ule upako laini wa kulainisha ukuta, ndiyo mbaya kabisa, maana inanyonya maji na kuwa laini kama chaki iliyolowa.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gundisha kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa nje, ni unyevu wa hewa tu, fungua madirisha. Na usikimbilie kulaumu ardhi: angalia kwanza kama nyuma ya ukuta huo kuna bafu, bomba linalovuja au gata inayomwaga maji pale pale.

Ukishaziba chanzo, bandua plasta hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi iswakiwe kwa brashi ya waya, ikiwa kavu. Wengi huosha kwa maji, na maji huirudisha chumvi ndani. Plasta mpya iwe ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga wa mto, pamoja na dawa ya kuzuia maji, kisha isubiri kama siku 28 kabla ya rangi. Ikiwa maji yanapanda kutoka chini, matengenezo haya yanapunguza tu, hayamalizi. Mwambie mnunuzi ukweli huo na uuweke kwenye bei, atakuamini na mengine.

Hapo ndipo rangi ya maji ije, nyeupe au krimu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 hula kama lita 8 kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Doa la kahawia darini lipigwe kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta, la sivyo litajichora upya. Lakini kabla ya dari panda juu ya paa ukaangalie misumari ya bati iliyolegea.

Yale maandishi mekundu ya "NYUMBA HII HAIUZWI" ukutani nayo hayafutwi kwa rangi peke yake. Nyekundu hujitokeza chini ya krimu, na mteja akiiona anauliza habari za mirathi. Malizeni kwanza na ndugu. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza inatakiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, basi iwepo kwa maandishi, pamoja na hati au leseni ya makazi, risiti za kodi ya ardhi na mita ya umeme ya LUKU isiyo na deni. Fyeka nyasi kwenye bikoni zote, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, ili zionekane.

Halafu harufu. Nyumba iliyofungwa wiki kadhaa hunuka choo hata kama karo la maji taka limenyonywa juzi. Sababu ni maji yaliyokaa kwenye kona ya bomba chini ya kitundu cha sakafu ya bafu: yakikauka, hewa ya karo inapanda moja kwa moja. Mwaga nusu ndoo kila kitundu, hata cha jikoni, jioni kabla ya mteja kuja.

Mdau wa ujenzi,
Tabata, Dar es Salaam