Kwa walimu wa kwaya mnaofungia nota kabatini

Wanangu,

Salamu zitakuwa fupi, nina hasira. Jumapili ya Matawi nilikaa benchi la nyuma. Mwalimu wa kwaya alikuwa amegombana na viongozi wake, akaondoka na kopi zote za nota. Waimbaji walisimama na sare zao zilizonyooshwa pasi. Soprano wakakumbuka ubeti mmoja, tena wakabahatisha, besi wakatazama viatu. Nilipompigia simu akaniambia, "Mzee, zile ni nyimbo zangu."

Zako? Uliziimba peke yako sauti zote nne?

Kulikuwa na mtunzi mmoja wa muziki, Mlatvia, Jāzeps Vītols, mtoto wa mwalimu, aliyezaliwa Valmiera, Latvia, mwaka 1863. Alisoma konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya Sankt Petersburg, Urusi, kwa mtunzi mashuhuri Rimsky-Korsakov, akabaki kufundisha hukohuko, na mwaka 1908 akalirithi darasa la utunzi la mwalimu wake. Prokofiev na Myaskovsky, watunzi wakubwa wa Urusi, walipita mikononi mwake. Mtu kama huyo angeweza kufa na cheo chake. Mwaka 1918, akiwa na miaka 55, alirudi kwao Latvia, nchi changa iliyokuwa bado vitani, na mwaka uliofuata akaanzisha konsavatori Riga, mji mkuu. Aliiongoza miaka mingi. Alitunga nyimbo za kwaya kama mia moja, akapanga nyimbo za asili za watu wake kama mia tatu, na huku anafundisha! Ninyi wimbo mmoja wa Pasaka mnaufungia kwa kufuli.

Mwaka 1944, ana miaka 81, vita vilimkimbiza hadi Ujerumani. Alifia Lübeck mwaka 1948. Mabaki yake yalirudi Riga mwaka 1993. Lakini sikilizeni hili. Mwaka 1899 alikuwa ametunga "Gaismas pils", Ngome ya Nuru: ngome iliyozama, itakayoinuka siku watu watakapolitaja jina lake. Kwenye tamasha la nyimbo la Riga la 1985, chini ya Wasovieti, wimbo ule uliondolewa kwenye ratiba. Waimbaji waliudai palepale, wakamwita mwongoza kwaya mzee, Haralds Mednis, aje awaongoze, wakauimba. Mtunzi yuko kaburini miaka 37, ugenini, na kila besi anajua pa kuingilia.

Mengine nayataja tu. Fika mazoezini kabla ya waimbaji. Rekebisha sauti, usimdhalilishe mtu. Tafuta msaidizi mwaka wako wa kwanza.

Nanyi wazee wa kanisa msijifiche nyuma yangu. Mnanunua spika za mamilioni, mwalimu mnampa nauli ya kwenda tu, ya kurudi mnamwombea. Uchoyo mwingine mnaupanda wenyewe.

Kijana wangu uliyeondoka na nota, sijakutaja jina na sitakutaja. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Njoo na kopi, ukaanze na besi. Ule ukurasa wa pili wanashuka nusu sauti.