Kabla ya Jumamosi: funguo za SSH

Wakuu, habari za jioni. Tangu jana naletewa kosa lilelile, "Permission denied" (umekataliwa kuingia), mnapounganisha kompyuta na GitHub, tovuti tunakohifadhi msimbo, kwa SSH, njia salama inayokutambua kwa faili la ufunguo badala ya nywila. Tulimalize leo, maana kutoka Mbagala au Bunju hadi Kijitonyama Jumamosi kuja kuhangaika na ufunguo tu ni kupoteza nauli.

Kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), anza na `ssh -T git@github.com`. Ukisalimiwa kwa jina la akaunti yako, ufunguo ni mzima. Kosa likiendelea, kagua anwani ya hazina (folda la mradi) kwa `git remote -v`. Ukikataliwa kwenye amri ile ya kwanza, andika `ssh-add -l`, inayoorodhesha funguo zilizopakiwa. Isipoonesha kitu, upakie: `ssh-add ~/.ssh/id_ed25519`. Wengi niliowasaidia walikwama hapo baada ya kuwasha kompyuta upya. Ukiambiwa faili la ufunguo liko wazi mno, lifanye lisomwe na wewe tu: `chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519`.

Mtandao wa ofisini ukifunga poti 22 (mlango wa mtandao ambao SSH hutumia kwa kawaida), GitHub inapokea pia poti 443 kupitia ssh.github.com.

Jambo linaloniumiza: jana mwenzetu alibandika kwenye kundi hili ufunguo wake wa siri. Nimeufuta, lakini simu zetu zote zilishaupokea. Ndugu yangu, uondoe kwenye akaunti usiku huu, utengeneze mwingine. Kinachopelekwa GitHub ni faili la `.pub`, yaani ufunguo wa wazi, peke yake. Ukikwama, nipigie, hata saa nne usiku.