Mdogo wako na mlango wa daladala

Dar es Salaam

Swahiba,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatusumbua. Nimesoma habari za mdogo wako: kamaliza chuo, kazi hakuna, sasa anapiga deiwaka kwenye daladala, ukonda wa kushikia siku moja moja, mama analia na wewe unaona haya mbele za watu.

Umesahau mimi nilianzia wapi? Mwaka 2004, miezi minane, Mbagala–Kariakoo. Siku moja ulipanda ukageuzia uso dirishani. Nilikuona, na nauli nilikudai.

Wiki ya kwanza tu hesabu ilinikataa. Jioni tunahesabu, shilingi elfu nne hazionekani. Suka, yaani dereva wangu, hakunifokea. Alizichukua zile noti zilizojikunjakunja, akazikunja upya kwa urefu, akanipachika katikati ya vidole: mia tano huku, elfu huku, elfu kumi mfuko wa ndani zisionekane na mtu. Kisha akasema mafuta kwanza, halafu ya tajiri mwenye gari, chetu ni kitakachobaki. Siku hiyo hakikubaki kitu. Konda mzima nikarudi nyumbani kwa miguu!

Leo natunza fedha za ofisi, na vijana wa pale wananizidi mbali kwa kompyuta. Lakini mkaguzi aliwahi kuniuliza nilisomea wapi kutenganisha mafungu namna ile. Nikamjibu: Mbagala Rangi Tatu. Alidhani natania.

Na matusi nayo! Mtu kakaa foleni Barabara ya Kilwa saa nzima, anakutukania mama kwa chenji ya mia. Nilijifunza kumpa chenji kabla hajaidai. Mpaka leo mteja akiingia amefura, nahangaika kwanza na kinachomuuma, maneno yake nayaacha yapite.

Sisemi kazi ile ni nzuri, usinielewe vibaya. Mkataba hakuna, ukiugua siku mbili nafasi ina mwenyewe, na goti langu la kushoto bado linanikumbusha kila mvua ikikaribia. Asizoee. Siku asiyopata gari azungushe barua za maombi.

Mbembeleze mama. Kijana naye mwambie noti asitie mfuko wa nyuma, pale Kariakoo watamsaidia kuzibeba. Jumapili nakuja kwenu. Nikibahatika kupanda gari lake nitalipa nauli kamili, wala sitageuzia uso dirishani.

Wako,
Konda mstaafu