Kikao cha ushoroba ni Jumamosi

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Kikao na wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma kiko palepale, saa nne. Agenda ni ushoroba wa Selous–Niassa, yaani njia ya tembo kati ya pori la Selous huku Tanzania na hifadhi ya Niassa kule Msumbiji. Jana nimekuta nyayo za tembo kwenye mchanga wa mto, pana kama sinia, za ndama pembeni, zote zimeelekea Msumbiji. Njia hiyo inapita Namtumbo na Tunduru. Shamba jipya likifunguliwa katikati, upande wowote ule, imekufa. Askari wa vijiji, njooni na daftari za doria. Mlioliwa mahindi pia njooni, msinyamaze. Nataka tuzungumzie kamba za pilipili na mizinga ya nyuki, za kuwazuia tembo wasiingie mashambani. Wengi wetu ni Wayao huku na huko, tutaelewana. Nani anakuja? Jibuni leo, tupange usafiri.